Mtunza Vifurushi na Daftari Lake

Walimu wa Kiswahili hatukuzoea kuulizwa habari za mashine. Tukiulizwa, aghalabu huwa ni swali la neno: je, tuseme kompyuta au tarakilishi? Mjadala huo umekwisha kula karatasi nyingi, nami sina nia ya kuuongezea kuni. Katika makala haya nitasema kompyuta, kwa kuwa ndivyo wasemavyo wanafunzi wangu, kisha nitaliacha jambo hilo hapo. Ninalotaka kuwaeleza walimu wenzangu ni habari ya programu moja ndogo, kongwe, isiyo na madoido, ambayo kwa miaka michache sasa imekuwa ikitumika katika chama chetu cha Kiswahili shuleni, huku wilayani Kasese, magharibi ya Uganda. Ni programu itunzayo vifurushi katika mfumo endeshi uitwao Slackware.

Yafaa nianze na maelezo machache kwa ajili ya wale ambao mambo haya hayajawafikia. Kompyuta haiwezi kufanya lolote mpaka iwe na mfumo endeshi, yaani mkusanyiko wa programu zinazoamuru kioo, kibodi, diski na sehemu nyinginezo zishirikiane. Mifumo mingi huuzwa, na ndani yake hakuna ruhusa ya kuchungulia. Lakini ipo pia mifumo huria: mtu yeyote ana haki ya kuisoma ilivyoandikwa, kuirekebisha, na kumgawia jirani yake. Mashuhuri kati ya hiyo ni ile iliyojengwa juu ya Linux, kiini ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Finland. Kiini peke yake hakitoshi, kama vile shina la kitenzi lisivyotosha kuwa sentensi. Ndipo wakatokea watu waliochukua kiini hicho, wakakikusanya pamoja na mamia ya programu nyingine, wakavigawa kama mfumo mmoja kamili.

Slackware ni mmoja wa mifumo hiyo, na miongoni mwa ile ambayo bado inatolewa hadi leo, ndio mkongwe kuliko yote. Chanzo chake kitawafurahisha walimu. Patrick Volkerding alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Moorhead, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Wakati huo alitumia mkusanyiko wa mtu mwingine, ulioitwa SLS, nao ulikuwa na kasoro nyingi. Mwalimu wake wa somo la akili bandia akamwomba amwonyeshe namna ya kuuweka mfumo huo katika mashine yake ya nyumbani. Kijana akaanza kuandika pembeni kasoro alizozirekebisha, kusudi mwalimu wake asihangaike nazo tena. Marekebisho yakawa mengi, hata kazi ikawa si marekebisho tena bali mfumo mpya. Aliutoa kwa umma mwezi Julai 1993. Toleo la 15.0 lilitoka Februari 2022, na bado ni Volkerding huyo huyo anayeisimamia kazi hiyo.

Mimi niliupata kwa mpwa wangu anayesoma Kampala. Shule yetu ilikuwa na kompyuta sita kuukuu tulizopewa msaada, za aina ambayo mifumo mingi ya siku hizi imekwisha kuzikataa. Na intaneti tunainunua kwa vipimo, kama mafuta ya taa. Slackware bado inazikubali mashine za namna hiyo, na programu zake zote huja pamoja katika diski moja au flashi moja. Haikuhitaji tuagize kitu mtandaoni. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niuchague, wala si falsafa. Falsafa ilikuja baadaye, tena ikaja kwa mlango wa sarufi.

Katika mifumo hii, programu haiji kama kitu kimoja. Huja na faili zake: faili ya kuendeshea, faili za maelezo, faili za mipangilio, pengine makumi, pengine maelfu, kila moja ikiwa na mahali pake pa kukaa ndani ya diski. Faili hizo zikifungwa pamoja na kubanwa, huitwa kifurushi. Neno hili nalipenda. Furushi ni mzigo uliofungwa kwa nguo au kwa kamba. Kifurushi ni mdogo wake, unaobebeka kwa mkono mmoja. Wako waliopendekeza robota, lakini robota ni la pamba na mitumba, na halina ule unyenyekevu. Kukiweka kifurushi mahali pake, waandishi wa istilahi huita kusakinisha. Mwanzoni nililitazama neno hili kwa jicho la pembeni, nikidhani limebuniwa ofisini usiku. Kumbe tunalo tangu zamani: kusakini ni kukaa, kufanya makazi, basi kusakinisha ni kumpa mtu makao. Programu hupewa makao. Sijapata neno la kuondoa lililo zuri hivyo, hivyo nasema tu kuhamisha.

Sasa, ni nani apokeaye vifurushi hivyo, avifungue, aviweke mahali pake, na ajue kilipo kila kimoja? Huyo ndiye ninayemwita mtunza vifurushi. Walimu wote wanamfahamu ndugu yake: mtunza stoo wa shule, mwenye daftari lake la mistari. Majembe kumi yameingia tarehe fulani, magunia mawili ya maharage yametoka. Stoo bila daftari ni chumba cha giza. Kwa hakika shule nyingi zimegombana kwa sababu ya daftari kuliko zilivyogombana kwa sababu ya maharage.

Mtunza vifurushi wa Slackware ni sahili mno. Ana zana chache, kila moja na kazi yake: installpkg husakinisha, removepkg huhamisha, upgradepkg huweka toleo jipya mahali pa lile la zamani, makepkg hufunga kifurushi kipya, na explodepkg hukifungua ili mtu achungulie kilicho ndani bila kukisakinisha. Zote zimeandikwa kwa matini ya kawaida, yaani mtu aweza kuzifungua na kuzisoma kama asomavyo barua, akaona jinsi zinavyofanya kazi. Kifurushi chenyewe ni faili zilizofungwa kwa njia ya zamani inayojulikana na kila mtumiaji wa mifumo hii, hakuna siri. Hapo awali vifurushi vilibanwa kwa mtindo mmoja, na tangu toleo la 13.0 la mwaka 2009 vikabanwa kwa mtindo mwingine unaovifanya viwe vidogo zaidi. Basi, hayo ndiyo mageuzi makubwa.

Vifurushi vimepangwa kwa herufi. A ni msingi wa mfumo, D ni zana za kuandikia programu, K ni kiini, L ni maktaba, N ni mambo ya mtandao, X ni dirisha na picha, na Y, pale mwisho kabisa, ni michezo. Mpango huo ni wa enzi za disketi, wakati ambapo kila herufi ilikuwa na rundo lake la disketi, na asiyetaka michezo hakujisumbua kuzinakili zile za Y. Wanafunzi wangu, bila shaka, walianzia Y.

Jambo lililonivuta kwanza ni majina. Chukua mfano wa kifurushi hiki: bash-5.1.016-x86_64-1. Jina lina viungo vinne vilivyotengwa kwa vistari. Cha kwanza ni jina lenyewe la programu. Cha pili ni toleo. Cha tatu ni aina ya mashine inayokifaa. Cha nne ni mara ya ngapi kifurushi hicho kimefungwa. Na kanuni ni kwamba jina husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu jina la programu laweza kuwa na kistari ndani yake, ilhali viungo vitatu vya mwisho haviwezi. Mtunza vifurushi hukata cha mwisho, akakata cha tatu, akakata cha pili, na kilichobaki, kwa vyovyote kiwavyo, ndilo jina. Nilipolieleza hili darasani nilikuwa nimekwisha kuandika ubaoni kitenzi wanasomesheana. Mwanafunzi anayetafuta mzizi hujifunza kuondoa irabu ya mwisho kwanza, kisha -an-, kisha -e-, kisha -esh-, mpaka afike kwenye -som-. Kijana mmoja wa nyuma akasema, “Mwalimu, kumbe kompyuta nayo inachambua viambishi!” Sikumkatalia.

La pili ni daftari. Kila kifurushi kinaposakinishwa, mtunza vifurushi huandika faili moja ya matini yenye jina lile lile la viungo vinne, akaiweka katika folda moja pamoja na za wenzake. Ndani ya faili hiyo mna ukubwa wa kifurushi, maelezo yake, kisha orodha ya kila faili iliyowekwa na mahali ilipowekwa. Ukitaka kujua faili fulani ni ya kifurushi gani, huhitaji programu maalumu. Unatafuta neno katika daftari kama utafutavyo katika kamusi. Na kifurushi kikihamishwa, ukurasa wake hauchanwi. Huhamishiwa katika folda nyingine, ile ya waliotoka. Na kama kiliondolewa ili kupisha toleo jipya, jina lake huongezewa tarehe na saa, mpaka sekunde, ya kuondoka kwake. Aidha, removepkg ina adabu moja niipendayo: kabla ya kufuta faili yoyote hutazama kwanza kama faili hiyo imeandikwa pia katika ukurasa wa kifurushi kingine, na ikiwa imeandikwa, huiacha.

Nitaeleza kwa nini mambo haya madogo yalinigusa.

Mtalaa mpya wa sekondari ya chini ulioanza kutumika Uganda mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza, na umeweka mkazo katika kazi za mradi. Sisi tulichagua mradi wa kukusanya maneno ya sokoni. Wilaya yetu inapakana na Kongo, na katika soko la mpakani pale Mpondwe Kiswahili hakifundishwi na mtu: kinauza na kununua. Ni Kiswahili cha Kongo ya mashariki, ambacho kwa mwanafunzi aliyekwisha kukariri kitabu kutoka Nairobi au Dar es Salaam kina mshangao katika kila hatua. Kisamvu pale ni sombe. Mchicha ni lengalenga. Mafuta ya mawese ni mafuta ya ngazi, kwa kuwa ngazi ndiyo matunda ya mchikichi. Wanafunzi walikwenda na madaftari, wakauliza, wakaandika neno, maana yake, aliyelitamka ametoka wapi, na neno la Kiswahili sanifu kama lipo. Orodha ikafika maneno mia tatu na kitu. Shule tatu za jirani zikaomba kushiriki, tukafurahi, tukawapelekea kwa flashi.

Walimu wote wajua kilichofuata. Orodha ikawa na ndugu zake: “orodha mpya”, “orodha mpya 2”, “orodha ya mwisho”, “orodha ya mwisho kabisa”. Muhula mmoja orodha ilirudi kwetu kutoka shule mojawapo, ikanakiliwa katika kompyuta zetu zote juu ya ile ya awali, kwa kuwa jina lilikuwa lile lile. Baada ya wiki mbili akaja kwangu msichana wa darasa la pili, ambaye mama yake huuza mboga pale mpakani. Akasema, “Mwalimu, shikamoo. Maneno ya mama hayapo tena.” Nikafungua, nikatafuta sombe. Haikuwapo. Lengalenga haikuwapo. Mwalimu mwenzetu wa shule ile alikuwa ameyaondoa yote yasiyo sanifu, maneno yapatayo themanini, kwa nia njema, kwa maana aliyaona kuwa ni makosa ambayo mtahini angeyakata. Hakumwambia mtu. Wala orodha yenyewe haikuwa na njia ya kusema kwamba imepunguzwa.

Sikumlaumu mwenzangu kwa maoni yake. Swali la usanifu ni swali la haki kabisa katika kazi yetu, na mtahini yupo, naye hana huruma. Kilichonisumbua ni kwamba maneno ya watu yaliondoka bila alama. Aliyeiona tofauti ni yule tu aliyekuwa akilitafuta neno la mama yake.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mtunza vifurushi. Kwa nini orodha yetu isiwe kifurushi? Hakuna kanuni isemayo kwamba kifurushi lazima kiwe na programu ndani yake. Kuna hata neno maalumu, noarch, liwekwalo katika kiungo cha tatu cha jina, lenye maana kwamba kilichomo hakitegemei aina yoyote ya mashine. Maneno ya sokoni hayategemei mashine. Tukatengeneza folda yenye umbo la diski lenyewe, tukaiweka orodha chini ya folda ya maelezo, tukaifunga kwa makepkg, nacho kikaitwa msamiati-1-noarch-1_ck. Zile herufi mbili za mwisho ni alama yetu, Chama cha Kiswahili. Ni desturi ya wafungaji wa vifurushi vya Slackware kuweka alama yao baada ya nambari ya nne, ili mtu ajue kazi hii imetoka mikononi mwa nani.

Ilibaki kuandika maelezo. Kila kifurushi kina faili ndogo iitwayo slack-desc, na kanuni yake ni kali kama ya utenzi: mistari kumi na mmoja, si zaidi, kila mstari ukianza na jina la kifurushi na nukta mbili, na upana usiovuka rula iliyochorwa juu yake, kiasi cha herufi sabini hivi. Nimefundisha ufupisho kwa miaka kumi na minane, na sijapata zoezi zuri kuliko hili. Wanafunzi walilumbana juma zima. Kiswahili kina bahati, kwa kuwa herufi zake zote ziko katika kibodi ya kawaida, hata ng' ya ng'ombe haidai zaidi ya alama moja ndogo. Haya ndiyo waliyoyaandika, nami nilibadili neno moja tu:

msamiati: msamiati (maneno ya soko la mpakani)
msamiati:
msamiati: Hii ni orodha ya maneno ya Kiswahili yanayotumiwa na wauzaji
msamiati: na wanunuzi katika soko la mpakani. Kila neno lina maana yake,
msamiati: mahali alikotoka aliyelitamka, na neno sanifu kama lipo.
msamiati:
msamiati: Neno lisilo sanifu limeandikwa hivyo. Halikufutwa.
msamiati:
msamiati: Limekusanywa na wanafunzi. Ukiongeza au ukipunguza,
msamiati: badili nambari ya toleo na uweke alama yako.
msamiati:

Mwenye jicho ataona kwamba “limekusanywa” haikubaliani na chochote kilichotajwa karibu yake. Niliwaambia. Wakajibu kwamba linakubaliana na neno, na kwamba kila neno lilikusanywa peke yake. Nikaliacha.

Hapa sina budi kumpa nafasi mwalimu mwenzangu wa kompyuta, kijana mwerevu, ambaye hakubaliani nami. “Mzee,” aliniambia, “huyu mtunza vifurushi wako ni wa kizamani. Katika mfumo wa Debian ukiagiza programu moja, mtunza vifurushi huitazama inategemea nini, akaenda kuleta na hizo zote, akazisakinisha kwa utaratibu wake. Wako anaweka kile ulichompa na kunyamaza.” Ni kweli tupu. Debian nayo ilianzishwa mwaka 1993, mwezi mmoja tu baada ya Slackware, na njia yake ndiyo iliyoenea duniani. Slackware haifuatilii utegemezi. Ukisakinisha programu inayohitaji maktaba fulani, na maktaba hiyo haipo, mtunza vifurushi hatakuonya. Utajua pale utakapoiamuru programu ifanye kazi ikakataa, ikilitaja jina la faili isiyoiona.

Neno utegemezi, wasomaji watakumbuka, ni letu. Tulikuwa nalo kabla ya mafundi wa kompyuta. Ulipofika sokoni ni kishazi tegemezi: kina kiima, kina kitenzi, kimesarifiwa vizuri, lakini kinaning'inia hewani mpaka kipate mwenzake, nilikuwa nimekwisha kuondoka. Slackware itakisakinisha kishazi tegemezi bila kuuliza kishazi huru kiko wapi. Debian itakataa, au itakwenda kukitafuta kishazi huru yenyewe.

Nilimjibu kijana hivi. Mwenye intaneti ya kasi na mashine hamsini za kutunza, achague njia ya Debian, tena asisite. Kufuatilia utegemezi kwa mkono ni kazi ya kuchosha, nami nimewahi kukaa jioni nzima nikitafuta maktaba moja baada ya nyingine kwa ajili ya programu ya kurekodia sauti. Lakini Slackware haikuacha jambo hili kwa uvivu. Ushauri wake ni kwamba usakinishe mfumo mzima tangu mwanzo, vifurushi vyote, na hapo karibu kila kinachotegemewa huwa tayari kipo. Kwetu sisi tusio na intaneti ya kuaminika, kuwa na kila kitu ndani ya flashi moja ni heri kuliko kuwa na mtumishi hodari anayetaka kwenda mjini kila mara. Na pale kinapokosekana kitu, kuna amri iitwayo ldd ambayo huorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji na kuonyesha ile isiyopatikana. Mwanafunzi anayeitumia amri hiyo anafanya kile kile ninachomtaka akifanye katika uchanganuzi wa sentensi: anauliza, hiki kinamtegemea nani?

Kijana akasema hayo ni maneno ya mwalimu wa lugha. Akaongeza kwamba kifurushi chetu cha msamiati hakitegemei chochote, ndiyo maana nazungumza kwa raha. Hapo alinipata.

Kifurushi kilipelekwa shule zote nne mwaka 2023. Mashine za shule mbili hazina Slackware. Huko tuliwafungulia kwa njia ya kawaida, wakapata orodha lakini hawakupata daftari, na hilo ni pengo ambalo bado hatujaliziba. Katika mashine zenye Slackware, mambo yalikwenda kama tulivyotumaini, na zaidi. Yule mwalimu mwenzetu alifungua orodha, akayatoa tena maneno yake themanini, kwa kuwa hakubadili maoni. Lakini safari hii alikifunga kama kifurushi, na kwa kufuata yale maelezo ya mistari kumi na mmoja aliweka nambari mpya na alama yake mwenyewe. Alama aliyoichagua ni sanifu. Kikaja kwetu kwa jina msamiati-2-noarch-1_sanifu. Wanafunzi walikisakinisha kwa upgradepkg katika mashine moja ili wakione. Kile chetu kikaondoka mahali pake, na jina lake likaandikwa katika folda ya waliotoka, pamoja na tarehe na saa. Wakalinganisha orodha mbili za maneno, wakapata hesabu kamili ya yaliyopungua: themanini na matatu. Tulikuwa hatujawahi kuyahesabu.

Nilimwandikia mwenzangu barua. Sikumwomba ayarudishe. Nilimwomba aeleze, kwa kila neno, kwa nini amelitoa. Alijibu kwa kurasa tatu, na baadhi ya sababu zake ni nzuri: kumi na moja kati ya maneno yale hayakuwa ya Kiswahili cha Kongo hata kidogo, bali ni Kikonzo kilichopewa viambishi vya Kiswahili na wanafunzi wangu wenyewe kwa haraka ya kujaza ukurasa. Hayo tumeyatenga katika faili yake ndani ya toleo la 3. Maneno mengine yote yako palepale. Yeye naye anaendelea na toleo lake la sanifu kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani, na mara mbili nimelitumia mimi mwenyewe kwa kazi hiyo hiyo, kwa sababu linafaa.

Toleo la 4 limesimama kwa sababu ya samaki. Mfanyabiashara mmoja kutoka Goma alimwambia mwanafunzi wetu jina sambaza. Sisi tukaandika dagaa. Mwenzetu wa alama ya sanifu akaafiki, jambo ambalo lingetosha kutufanya tushuku. Msichana yule wa mama muuza mboga akapinga: dagaa anayejulikana na watu wa huku ni mukene wa Ziwa Victoria, na sambaza si huyo. Ana haki. Sambaza ni samaki wa Ziwa Tanganyika, aliyepandikizwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, naye na mukene si wa aina moja. Je, dagaa ni jina la samaki mmoja, au ni jina la udogo wake tu? Wanafunzi wamegawanyika. Siku ya soko watakwenda Mpondwe na vielelezo viwili vilivyokaushwa, kila kimoja katika karatasi yake, wawaulize wauzaji kumi, na kifurushi hakitafungwa mpaka warudi.